Kichwa kinaniuma upande mmoja, na dawa nameza kila siku

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 31 na watoto wawili. Tangu niko sekondari kichwa hunigonga upande wa kulia, natapika, mwanga na kelele sivumilii. Kabla hakijaanza huona vimulimuli vyenye ncha kama meno ya msumeno kwa karibu nusu saa. Nimetibiwa malaria mara nyingi bila nafuu. Sasa kila siku nameza Panadol, ikishindikana naongeza diklofenaki, na maumivu ndiyo kwanza yanazidi. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu. Uzazi wa mpango natumia vidonge vya majira. Nifanyeje? – Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na ulilolitaja mwishoni, maana ndilo linalonitia wasiwasi. Ulivyoeleza, hicho ni kipandauso, na vile vimulimuli ni sehemu yake. Mwanamke anayeviona hatakiwi kutumia vidonge vyenye homoni mbili, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Wiki hii nenda kliniki ya uzazi wa mpango na pakiti yako mkononi, waeleze habari ya vimulimuli, wakupime na presha. Kitanzi, kijiti au sindano vipo. Usiache tu ukabaki bila kinga.

Hakuna aliyekutupia kitu. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Muulize mama yako mzazi au shangazi zako kama hawakuwa na siku za kujifungia chumbani, wamejikaza kanga kichwani, hawataki hata redio. Mama mkwe umweleze kwa upole, anakuhurumia tu. Na malaria hupimwa: kipimo kikisema huna, usipewe dawa mseto kwa ajili ya kichwa.

Sasa hizo dawa. Dawa ya maumivu ikimezwa mara kwa mara mno, yenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Kwa Panadol au diklofenaki, siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zinatosha kukufikisha hapo. Wewe umeshapita. Nenda kwa daktari akusimamie kuziacha, na jiandae: siku za mwanzo kichwa kitauma kuliko sasa, kisha kitaanza kulegea. Wengi hukata tamaa katika siku hizo wakarudi dukani, nami nakuomba usirudi. Waambie wateja nguo zitachelewa.

Ukishatoka hapo, dawa iwe ya siku ya kipandauso tu, isizidi siku mbili kwa wiki. Imeze mapema, maumivu yanapoanza, kwa kipimo kamili alichokuandikia daktari. Kidonge kimoja saa nne baadaye, umeshaanza kutapika, hakifiki popote. Tumbo nalo huwa limegoma. Kuna dawa ya kuzuia kichefuchefu, iulizie.

Mafundi nawajua: chai ya rangi asubuhi, halafu cherehani hadi alasiri bila kula wala kunywa maji, hasa msimu wa harusi. Njaa, kiu na usingizi uliokatika huamsha kipandauso. Taa inayochezacheza juu ya cherehani nayo ibadilishwe. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja andika tarehe ya kila shambulio, siku za hedhi, ulichokula na dawa uliyomeza. Daktari ataliona lile daftari na kujua kama unahitaji dawa ya kila siku ya kuzuia, kama propranololi au amitriptilini. Ukiwa na pumu mwambie, propranololi haikufai.

Kikija ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata, au na homa na shingo kukakamaa, au mkono kulegea, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Kukiondoa kabisa sikuahidi. Kupunguza mashambulio inawezekana, na wanawake wengi hupata nafuu hedhi ikishakoma. Ukitoka kliniki niandikie walichokubadilishia.