Suri ya kazi inayoomba mukono utulie: muliuliza, najibu

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja juu ya suri, ile ya ordinatere, ile wa Tanzania wanaita kipanya. Nimefurahi sana juu ni kitu naishi nacho kila siku, kazi yangu ni kuchora karte za viwanja hapa Goma, na mushale ukikosa kona ya kiwanja hata kidogo tu, ni majirani wawili watagombana. Haya, twende.

Yaya, nasoma arshitektire, nachora mapla na AutoCAD, programu ya kuchora. Kule Birere walinionyesha suri moja imeandikwa 7200 DPI kwa dola 6, na ingine ya 1000 DPI kwa dola 12. Nikamate gani? (Mwanafunzi, Himbi)

Kamata ya 1000, mudogo wangu. DPI inasema ukisogeza suri inchi 1, ni kusema kama sentimita 2 na nusu, mushale unapita vitone ngapi kwenye ekra. Sasa ekra ya Full HD iko na vitone 1920 kwa upana: kwa 800 DPI mukono unatembea karibu sentimita 6 kutoka huku paka kule, kwa 1600 ni sentimita 3, na kwa hiyo 7200 haifike hata sentimita 1, ukipumua tu mushale umeshapita ukuta uliotaka kushika, nani atachora dirisha na kitu kama hicho?? Tena kwa zile za bei ya chini sana, namba kubwa mara nyingi si ya jicho lenyewe la chini ya suri, jicho linaona kidogo kisha suri inazidisha hesabu, ndiyo maana mushale unaenda kwa kurukaruka. Kwa kuchora, kati ya 800 na 1600 inatosha kabisa.

Kile naomba uangalie sana ni gurudumu la katikati. Kwa AutoCAD unalifinya ndiyo usogeze pla, unalifinya mara mbili haraka ndiyo uone pla yote, siku nzima kidole kiko hapo. Lifinye mara kumi mbele ya muuzaji, ulizungushe polepole, na kama linateleza ao ni gumu, mwachie suri yake.

Niko na dola 25, si zaidi. Nitafute jina gani? (Mutengeneza picha, Katindo)

Logitech G102, ao dada yake G203. Waliitengeneza kwa wachezaji wa mageemu lakini usijali, jicho lake ni la kweli, unaweza kuiweka kuanzia 200 paka 8000, na iko na buto juu ya kubadilisha mwendo hapo hapo: unashusha wakati unakata nywele za bibi harusi kwenye picha, unapandisha ukimaliza. Kama hupati hiyo, suri ya ofisi ya kawaida yenye waya, ya 1000 DPI, inafanya kazi muzuri. Lakini angalia suri za uongo zenye jina la kubandika: programu ya Logitech inaitwa G HUB, ukichomeka suri na G HUB ikakosa kuitambua, uliza maswali mengi mbele ya kutoa franga.

Mushale wangu unatetemeka, mara unaganda. Suri ni mupya, haina miezi miwili. (Mama wa kushona modeli, Majengo)

Mama, uliniandikia kwamba meza yako ni ya kioo, basi sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Lile jicho la chini ni kamera ndogo, linapiga picha za meza maelfu kwa sekunde moja na kulinganisha hii na ile iliyotangulia, ndivyo linajua umeenda wapi. Kwenye kioo halioni alama hata moja, kwa hiyo linakisia. Kuna suri za bei zinazoweza kutembea kwenye kioo, lakini usipoteze franga, weka tapi ya suri, ao hata karto uliyoifunika na kitambaa kisicho na makunyanzi, ukivute vizuri kama unavyojua wewe.

Ya pili ni vumbi. Sisi tunaishi juu ya lava, vumbi yetu nyeusi inaingia fasi yote, na mimi mwenyewe nilipoteza siku nzima nikichora upya mipaka ya avenue moja, nikalaumu mashini, nikalaumu programu, kumbe kwenye kale katundu ka jicho kulikuwa vumbi na unywele moja! Unywele moja tu. Tangu siku ile kila Jumatatu nachomoa suri, nachukua kijiti cha masikio chenye alkoli kidogo, napangusa jicho na vile viatu vinne vya chini, kisha nangoja ikauke.

Na waya ao bila waya? (Bukavu, Kadutu)

Kwa kazi ndogo-ndogo, na waya. Haiombe batri, na haifi katikati ya kazi. Kama unayo tayari ya bila waya na inakwama, kale kadude ka suri unakochomeka kwenye USB, kaweke mbali na diski ya nje: USB 3 inatoa kelele kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, na suri inatumia hayo hayo. Waya mufupi wa kurefusha USB unaleta kadude karibu na mukono, na mara nyingi shida inaisha.

Nikienda polepole mushale unabaki nyuma, nikienda haraka unaruka mbali. Suri imeharibika? (Muchora karte na programu ya QGIS)

Hapana, ndugu wa kazi, ni Windows. Fungua parametre za suri, "Options du pointeur", utoe alama kwenye "Améliorer la précision du pointeur". Jina linadanganya, kwa kweli inabadilisha mwendo kufuatana na haraka ya mukono, na mukono wako hauwezi kujifunza umbali. Mwendo wenyewe uache kwenye alama ya katikati, hata ile hesabu ya sentimita niliyotoa juu inafuata hiyo. Siku mbili tatu utaona vibaya, vumilia, ya nne utashika kona bila kufikiri.

Nafinya mara moja, inafanya mara mbili. (Himbi)

Ni kale kaswichi ka ndani kamechoka. Fundi wa telefoni mwenye chuma cha kuchomelea anaweza kukabadilisha, akatoe kwenye suri ya zamani, hata kwenye buto ya kuume ambayo haikutumika sana.