Joto Linavyofichua Protini Zilizoshikana
Swali: Mheshimiwa Mhariri, je, tofauti ndogo ya joto yaweza kuonyesha kwamba protini imeshikana na molekuli nyingine?

Jibu: Ndiyo, kwa sababu molekuli zilizomo katika kimiminika huhama panapokuwa na upande wa joto na upande wa baridi, jambo ambalo mwanasayansi Mjerumani Carl Ludwig alilieleza mwaka 1856. Leza ya infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) hupasha sehemu ndogo ya mrija mwembamba kwa nyuzi chache tu, na protini iliyotiwa rangi ing'aayo husogea kutegemea ukubwa wake, chaji yake na, jambo linalosahauliwa mno, maji yanayoizunguka. Ikishikana na molekuli nyingine, mwendo wake hubadilika, na badiliko hilo huonekana katika mng'ao wa rangi hiyo. Lakini mng'ao unaopanda na kushuka ovyo mara nyingi huashiria mabonge ya protini, na vipimo hivyo visiaminiwe.