Glukosi ipo tele, mbona kingamwili inakosa galaktosi?

Swali: Tunakuza seli za CHO (seli za ovari ya hamsta) kwenye bayoreakta, yaani tangi la kukuzia seli, ili zitoe kingamwili ya aina ya IgG, tukiziongezea lishe hadi siku ya 14. Kuanzia siku ya 9 hivi, G0F (kingamwili yenye mnyororo wa sukari usio na galaktosi) inapanda na G1F (yenye galaktosi moja) inashuka. Glukosi haijashuka chini ya gramu 4 kwa lita, na seli hai ni zaidi ya asilimia 90. Tatizo liko wapi?

Jibu: Glukosi iacheni, pimeni amonia. Seli zikivunja glutamini, asidi amino iliyomo kwenye lishe, huachia amonia, nayo hupenya utando bila shida. Ikifika ndani ya Golgi, sehemu ya seli inayomalizia kubandika sukari kwenye protini, hunasa protoni, na pH ya mle, ambayo kwa kawaida huwa kama 6.5 au chini yake, hupanda. Galaktosiltransferasi, kimeng'enya kinachobandika galaktosi, huzorota pH ikipanda hata kidogo. Ndiyo maana matawi ya sukari yanaishia njiani, na hiyo ndiyo G0F mnayoiona. Kwa hiyo msikimbilie kuongeza glutamini, mtazidisha amonia.

Glukosi kuwa nyingi pia si hoja, kwa sababu sehemu kubwa yake huishia kuwa piruvati na lakteti. Kimeng'enya hakigusi glukosi yenyewe, kinataka UDP-galaktosi (galaktosi iliyoshikizwa kwenye molekuli ya UDP), tena hakifanyi kazi bila manganizi.

Kabla ya kujaribu lolote, hesabuni upya. Kingamwili hulimbikizana, kwa hiyo sampuli ya siku ya 12 imechanganyika na ya zamani. Tuseme siku ya 8 mlikuwa na gramu 1 kwa lita yenye G1F asilimia 30, na siku ya 12 gramu 2 zenye asilimia 24. Gramu iliyotoka katikati ina asilimia 18 tu! Hali ni mbaya kuliko grafu yenu inavyoonyesha.

Kisha siku ya 7 chukueni seli kutoka bayoreakta hiyohiyo, mzigawe kwenye chupa tatu. Moja msiiguse. Ya pili itieni kloridi ya amonia hadi kiwango mlichokipima siku ya 10. Ya tatu itieni galaktosi, uridini (malighafi ya UDP) na manganizi. Ya pili ikipandisha G0F mapema, punguzeni glutamini kwenye lishe, au jaribuni kuweka glutameti badala yake iwapo seli zenu zina sintetasi ya glutamini (kimeng'enya kinachogeuza glutameti kuwa glutamini) ya kutosha. Ya tatu ikirudisha G1F, rekebisheni lishe, ila manganizi pimeni kwa mikromola: ikizidi, ukuaji wa seli hudorora.