Uvimbe wa kichwani ulitoka, homoni hazikurudi

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako wa miaka 16 alitolewa uvimbe wa kichwani uitwao kraniofarinjioma mwaka jana, picha yake ya MRI ni safi, lakini ananenepa kila mwezi, hana nguvu, usiku kucha ni maji na choo, na nyumbani wameshaanza kumwita mvivu. Nimeumia kusoma, maana hayo yote niliyapitia mimi.

Nilipasuliwa Dar es Salaam mwaka 2009, nikiwa na miaka 17. Tulipoambiwa si saratani, baba alichinja mbuzi. Hakuna aliyetueleza kwamba uvimbe ule huota jirani kabisa na pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere inayoamrisha tezi ya shingoni, tezi za juu ya figo, ukuaji na balehe. Uvimbe wenyewe au upasuaji ukishaiharibu, mara nyingi haipoi tena. Kuanzia hapo kinachokosekana unakimeza, maisha yote.

Anzeni na kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo inayoushikilia mwili ukiugua, maana upungufu wake ndio unaoua. Mwaka mmoja baada ya upasuaji nilishikwa na malaria, nikatapika kutwa nzima, presha ikashuka, nikazimia. Zahanati ya kwanza walitibu malaria peke yake. Huko tulikopelekwa baadaye, daktari wa zamu aliona kovu kichwani, akamuuliza mama maswali mawili, akanichoma haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, miligramu 100, na dripu ya chumvi. Mama anasema kabla ya alfajiri nilimwita kwa jina. Tangu siku hiyo nikipata homa nameza dozi mara mbili au tatu ya kawaida, kama daktari wangu alivyoniandikia, na nikitapika sisubiri, ni sindano na hospitali. Kadi ya maelezo haitoki kwenye pochi.

Tezi ya shingoni ina mtego wake. Mimi nilipimwa TSH peke yake, nikaambiwa niko sawa, kumbe TSH ni amri tu ya pituitari kwa tezi ya shingoni, na pituitari ikiwa mbovu namba hiyo hudanganya. Ombeni FT4, kipimo cha homoni ya tezi ya shingoni yenyewe. Tena asianzishiwe thairoksini, dawa ya tezi hiyo, kabla kotisoli haijaangaliwa, kwa sababu thairoksini huimaliza upesi ile akiba ndogo ya kotisoli iliyobaki, mtu akaanguka.

Hayo maji ya usiku: sukari ipimwe, lakini huenda ikawa sawa na mkaambiwa hana kisukari. Hapo ni kweli hana. Kinachokosekana huenda ni homoni inayozuia figo kumwaga maji, na dawa yake ni desmopresini. Akishaianza, asinywe maji kwa mazoea, anywe kwa kiu, la sivyo sodiamu, yaani chumvi ya damu, hushuka na degedege si mbali. Kama mnafunga Ramadhani, zungumzeni na daktari mapema. Mimi sifungi, nalisha maskini, na ilinichukua miaka kukubali.

Sasa unene. Hapa naomba umsomee mama yako. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu tu ya pituitari, ndiyo inayoujulisha mwili kwamba umeshiba na ndiyo inayopanga nguvu zitumikeje. Ikijeruhiwa, kijana anatoka mezani bado ana njaa, na hata akila sahani ile ile ya wenzake yeye ataongezeka. Mimi nilifungiwa kabati, nikasimangwa mbele ya wageni, nikawa naiba mkate. Kilichosaidia ni mama kubadilisha nyumba nzima: kila mtu anapakuliwa jikoni, sufuria haiji mezani, mboga nyingi, soda hazinunuliwi, na jioni tunatembea wote wawili. Sikukonda, ila uzito ulisimama. Mwambieni daktari pia aangalie kama haidrokotisoni imezidi, maana nayo hunenepesha, na kila mwaka apimwe sukari, mafuta kwenye damu na ini.

Kama sauti haijawa nzito wala hajaanza kuota ndevu, homoni za balehe zipimwe pia. Zikichelewa, mifupa inadhoofika.

Hujataja anameza dawa gani. Kama haidrokotisoni hajaanza, msisubiri kliniki ya mwezi ujao: wiki hii aende apimwe kotisoli ya saa mbili asubuhi, FT4 na sodiamu, halafu karatasi apelekewe daktari bingwa wa homoni. Akianza kutapika kabla ya hapo, nendeni usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba alipasuliwa karibu na pituitari.