Kabla hujamuuzia mtu polishi, nenda ukaione meza yake

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya kuuza polishi, fundi mmoja wa Nsambya, hapa Kampala, alinijia dukani na uso wa meza umefungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda. Hakunisalimu. Aliutua sakafuni, akaondoa gunia, akasema, "Mama Polishi, njoo uone kazi yako."

Ulikuwa mvule, ubao mpana wa zamani, wa aina ambayo siku hizi unaweza kuzunguka soko zima la mbao la Ndeeba usiipate. Alikuwa ameupiga msasa vizuri na kuupaka vanishi mpya, lakini vanishi ilikataa kushika. Ilijitenga kila mahali, ikaacha vishimo vya mviringo, vidogo vidogo, kama macho ya dagaa. Amerudia mara mbili, vishimo vikarudi mara mbili.

Kosa lilikuwa langu. Mwenye meza alikuwa mteja wangu, na kwa mwaka mzima nilimuuzia dawa ya kupuliza, ile inayong'aa papo hapo na kunukia limau. Ndani yake mna silikoni. Silikoni inapenya kwenye mikwaruzo na vinyweleo vya mbao, na ikishaingia haitoki kwa kitambaa cha maji. Siku meza inapohitaji vanishi mpya, ndipo inapojionyesha. Tuliiosha kwa tina, kile kiyeyusho cha rangi, mara nne, kila mara kwa kitambaa kipya, kwa sababu ukirudia na kile kile unaisambaza tu. Vanishi nililipa mimi, na siku mbili za fundi nilizilipa mimi.

Tangu hapo dawa hiyo siiuzi kwa ajili ya mbao, ingawa inajiuza yenyewe. Ukitaka kuitambua, soma viambato nyuma ya kopo: neno lolote linaloishia na "siloxane" ni silikoni hiyo hiyo. Na kopo lisiloandikwa viambato kabisa, mimi siliingizi dukani.

Niseme kidogo nilikotoka. Nimezaliwa Busia, upande huu wa Uganda, ambako mtoto anajifunza Kiswahili sokoni kabla ya darasani. Nilipokuja Kampala nilidhani bila Luganda kizuri sitauza kitu. Kumbe wateja wangu wa kwanza walikuwa Wakongo wa Goma na Bunia waliopanga Nsambya na Makindye, maafande, na madereva wa malori wenye nyumba Malaba na Tororo. Wote Kiswahili. Na wote walikuwa na makochi.

Basi tuanze na makochi, maana huko ndiko pesa ya watu inakopotea.

Mtu akinipigia simu na kusema, "Dada, kochi langu la ngozi linabanduka, nitumie krimu," namwambia asitume pesa. Ngozi ya kweli inapasuka, inakauka, inapauka, lakini haibanduki vipande kama rangi ya ukuta. Kinachobanduka ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Unyevu na joto vinaivunja polepole kutoka ndani, na hapa kwetu karibu na ziwa hatuna upungufu wa vyote viwili. Ipo pia ile ya kuungwa, mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, halafu ikapakwa plastiki juu. Muuzaji anaapa ni ngozi, na kwa namna fulani hasemi uongo. Mwisho wake ni ule ule. Hakuna krimu duniani inayogandisha plastiki iliyokwisha kuvunjika. Mteja wa namna hiyo namwelekeza kwa fundi wa kubadilisha kitambaa, na nusu yao hurudi baadaye kununua kitu kingine, kwa sababu niliwaambia wasinunue.

Kujua ni kazi ya dakika moja. Fungua zipu ya mto wa kukalia, utazame upande wa ndani. Ukiona nyuzi za manyoya manyoya kama kwenye ndani ya mkanda wa suruali, ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, ni plastiki. Ikiwa ni ngozi, weka tone moja la maji mahali palipojificha. Tone likikaa juu kama lulu, ngozi hiyo imepakwa rangi na kinga, nayo ni ngumu kiasi. Likizama na kuacha doa jeusi linalofifia polepole, ngozi iko wazi, haina kinga, na hapo mikono yako iwe miepesi kama unamwosha mtoto mchanga.

Usitumie sabuni ya mche. Najua mama zetu waliosha kila kitu nayo, lakini ngozi inatengenezwa ikiwa na tindikali kidogo, na sabuni hiyo ina magadi. Ukiirudia rudia, ngozi inakuwa ngumu na kinga yake inatoka. Kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni isiyo na magadi kinatosha kwa wiki nyingi. Krimu mara mbili kwa mwaka, tatu ikiwa kochi liko karibu na dirisha. Mimi ndiye ninayeiuza, na bado nasema mara mbili.

Mafuta ya kupikia, hapana. Ya zeituni pia hapana, hata kama umeona video. Jirani yangu alilipaka kochi lake mafuta ya zeituni mwezi wa kwanza, likapendeza kweli. Mvua za Machi zilipofika, sebule ikaanza kunuka kama chipsi za jana, vumbi likaganda kwenye mikono ya kochi, na sisimizi wakapata nyumba.

Adui mkubwa wa kochi la ngozi mjini Kampala, kwa nilivyoona mimi, si watoto wala paka. Ni kichwa cha mwenye nyumba. Mafuta ya nywele yanakula kinga ya ngozi pale mtu anapoegemeza kichwa, na jasho linafanya hivyo hivyo pale anapoweka mikono. Utaona kochi zima ni zima, isipokuwa mahali pawili pale ngozi imelainika na rangi inatoka mkononi. Wale wanaocheka vitambaa vya kufuma vya bibi zetu, vile vyeupe vya kutandika juu ya makochi, wafikirie tena. Kitambaa kinafuliwa. Kochi halifuliwi.

Jambo jingine ni nailoni. Mtu ananunua kochi jipya na kuliacha ndani ya nailoni yake miezi sita ili lisichafuke. Unyevu unafungiwa humo humo, na msimu wa mvua ukifika, kuvu nyeupe imetanda. Vua nailoni siku ile ile. Kuvu ikishaingia, toa kochi nje kivulini, lipige brashi kavu likiwa huko nje ili vumbi lake lisirudi sebuleni, kisha futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu kwanza chini ya mto. Likauke kwa upepo. Ukiliweka juani utakuwa umetibu kuvu na kuua ngozi.

Mbao zina maneno machache zaidi, kwa sababu nyingi zimeshafungwa kwa vanishi. Watu hupenda kusema "mbao yangu imekauka, inataka mafuta". Meza yenye vanishi hainywi mafuta. Unachopaka kinakaa juu, na kazi yake ni kukinga mikwaruzo na kurudisha mng'ao, basi. Meza iliyopasuka miezi michache baada ya kununuliwa haikukosa polishi. Ilitengenezwa kwa mbao mbichi. Ubao ukikauka unasinyaa kwa upana, kwa urefu hausinyai karibu kabisa, na kama fundi aliukaza kwa misumari na gundi pande zote, utajipasua tu. Hilo ni la kumaliza na fundi, si na mimi.

Kiangazi, vumbi letu jekundu ndilo msasa wa bure. Ukipaka polishi juu ya vumbi, unasugua meza kwa mchanga. Futa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, ndipo ufungue kopo. Alama nyeupe ya kikombe cha chai ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na mara nyingi hutoka: tandika fulana kavu juu yake, pitisha pasi ya moto mdogo bila mvuke kwa sekunde chache, inua uangalie, rudia. Alama nyeusi maana yake maji yamefika kwenye ubao wenyewe. Hiyo ni kazi ya msasa.

Fremu za makochi ya bei nafuu ni musizi, mti wa kienyeji wa huku Uganda, au mkaratusi. Musizi ni mwepesi na rahisi kuchonga, lakini wadudu wanaupenda. Ukiona unga mwembamba sakafuni chini ya kochi na vitundu kama vya sindano, fremu imebunguliwa, na polishi haiui mdudu aliye ndani. Nunua dawa ya wadudu wa mbao, na usogeze miguu ya kochi mbali na ukuta, maana mchwa hupandia hapo.

Sasa biashara. Polishi yangu mwenyewe naitengeneza kwa nta ya nyuki inayotoka West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Hufika nyeusi, imejaa mabaki ya nyuki, kwa hiyo naiyeyusha ndani ya maji ya moto, naichuja kwa kitambaa na kuiacha igande juu. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, haihitaji moto mkali. Sufuria ya nta inakaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Gramu 100 za nta kwa gramu 400 za parafini ya maji ya duka la dawa, ile isiyo na rangi wala harufu. Nasisitiza duka la dawa, kwa sababu nilimwelekeza binti mmoja kwa simu akaenda kuchanganya nta na mafuta ya taa, kwa vile hapa tukisema "parafini" wengi wanaelewa hayo. Shukuru Mungu hakuwa amewasha jiko. Parafini ya dawa haichachi, ndiyo maana naipenda kuliko mafuta ya mimea.

Mafundi wengine wanapenda mafuta ya kitani (linseed), na ni mazuri kwa mbao ambazo hazijapakwa kitu. Lakini kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinajipasha joto chenyewe hadi kuwaka. Si hadithi, nimeshika kwa mkono wangu kitambaa kilichokuwa kinafuka moshi. Kiloweke kwenye maji, au kitandaze nje kimoja kimoja kikauke. Ukimuuzia mtu chupa ya mafuta ya kitani bila kumwambia hili, hujamaliza kuuza.

Makopo madogo nauza shilingi 10,000, makubwa 25,000. Lililonifungulia soko ni nusu ya meza. Naingia nyumbani kwa mteja, nasafisha na kupaka upande mmoja tu, naacha upande wa pili ulivyo, nakunywa chai. Sisemi kitu. Kabla chai haijaisha, mwenye nyumba ameuliza bei. Njia ya pili ni mafundi wenyewe: kila meza inayotoka kwao inaondoka na kopo dogo la bure lenye namba yangu, na wao wanapata kitu kidogo mteja akirudi.

Mauzo yanapanda Desemba, karibu na Idi, na wakati wowote familia inapojiandaa kwa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya binti kumtambulisha mchumba kwao, kwa sababu hakuna mama anayetaka wakwe wakalie kochi lililopauka. Kati ya Januari na Februari, karo za shule zinakula kila kitu. Usijaze stoo Januari.

Jina la biashara sajili URSB, ofisi ya usajili, leseni chukua KCCA, mamlaka ya jiji, kama uko Kampala, na ukitaka kuweka bidhaa yako mwenyewe kwenye kopo lenye lebo, nenda UNBS, shirika la viwango, uulize masharti kabla ya kuchapisha lebo elfu moja. Mimi nilichapisha kwanza. Lebo hizo bado ninazo, naandikia hesabu kwa nyuma.

Na ukituma makopo ya nta kwa bodaboda, yafunge vifuniko kwa utepe na utume asubuhi. Saa saba mchana yanalainika, na kijana wa boda atakupigia simu kutoka Kibuye kukuuliza kwa nini suruali yake inang'aa.