Mwoneni Mpishi Akigawa Chakula, Msitosheke na Kuonja

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmewauliza wasomaji wenu: «Mlipoandaa karamu ya arusi, mlimchagua vipi mpishi na watoa huduma wengine, na orodha ya vyakula mliipangaje?» Ninajibu kama mweka hazina wa kamati mbili za arusi katika jamaa yetu hapa Bukavu, ya kwanza mwaka 2019 na ya pili mwaka 2022, na kwa kuwa ile ya kwanza ilituaibisha mbele ya wakwe, ninaomba nafasi ndefu kidogo.

Mwaka 2019 tulimwoza binti wa kaka yangu mkubwa. Kamati yetu ilifanya kama kamati nyingi zifanyavyo: tuliwaalika wapishi watatu kwa siku tatu mbalimbali, kila mmoja akaleta vyakula vyake, nasi watu wanane tukaketi sebuleni kwa kaka, tukaonja na kupiga kura. Aliyeshinda alistahili kushinda. Sombe yake, yaani majani ya muhogo, ilikuwa imeiva hadi ndani, mawese yakiwa ya kiasi, na nyama yake ya mbuzi ilikuwa laini bila kuvunjika. Siku ya arusi mpishi huyo huyo, kwa mkono ule ule, alipika chakula kilichokuwa kizuri vile vile, lakini wageni wa mwisho walipata sahani zao saa tano kasoro za usiku, na wengine kati yao walipata wali mtupu wenye mchuzi. Meza ya chakula ilikuwa moja, tena ilisukumwa hadi ukutani, kwa hiyo watu walipita upande mmoja tu. Kila mgeni alijipakulia nyama mwenyewe. Katika meza za nyuma tulikuwa tumewaketisha, kwa kutojua, shangazi za bwana arusi waliotoka Walungu alfajiri, na nilipokwenda kuwaomba radhi mmoja wao aliniambia kwa upole: «Usihangaike, mama, sisi tulikwisha kula nyumbani.» Nilijua kwamba hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Maneno yale sijayasahau.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mpishi kwa ubahili. Baadaye nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kulipa hata faranga moja. Kama mgeni mmoja anaondoka kwenye meza ya chakula kila baada ya sekunde 20, na huo si mwendo wa pole, basi wageni 300 katika foleni moja wanahitaji sekunde 6,000, yaani dakika 100. Hapo hujahesabu mzee anayesimama kuuliza kama nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe, wala mtoto anayerudishwa kwa sababu sahani yake imeanguka. Mkiweka meza mbili zilizo mbali na ukuta, watu wakapita pande zote mbili za kila meza, mnapata foleni nne, na dakika 100 zinakuwa 25. Chakula ni kile kile na mpishi ni yule yule, lakini hakuna anayekula saa tano usiku.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu. Kuonja kunawaonyesha mkono wa mpishi anapopika sufuria ya watu wanane, ilhali mnamlipa kwa kazi nyingine kabisa, ambayo ni kuwafikishia watu 300 chakula kikiwa bado cha moto na kikiwa bado kipo. Kazi hiyo haionekani sebuleni. Inaonekana ukumbini, siku ya Jumamosi, katika nusu saa ile ya kugawa.

Kwa hiyo mwaka 2022, tulipokuwa tukiandaa arusi ya binti wa mdogo wangu, nilimwuliza kila mpishi aliyependekezwa swali moja la kwanza: «Jumamosi ijayo unahudumia arusi ya nani?» Kisha tuliiomba jamaa husika ruhusa, na watu wawili wa kamati yetu, mimi na shemeji yangu, tulikwenda kusimama karibu na mlango wa jikoni wakati wa kugawa, bila kuketi na bila kula. Mpishi mmoja alikataa kutuambia anakofanya kazi, tukamwacha. Wa pili alikuwa na vyombo vya kung'aa na vijana waliovaa vizuri sana, lakini alileta chakula chote mezani kwa mara moja, kikapoa mbele ya macho yetu huku hotuba zikiendelea. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Kadutu, hapa hapa mjini, ambaye katika kuonja alikuwa wa pili, na ambaye masufuria yake yalikuwa meusi kwa moshi. Huyo aliweka mtu mmoja mwenye upawa mbele ya kila chombo cha nyama, akaleta chakula kidogo kidogo kutoka jikoni, na mwenyewe hakukaa jikoni hata kidogo. Alisimama nyuma kabisa ya ukumbi, akitazama meza ya mwisho. Shemeji aliniambia pale pale kwamba tumekwisha kupata mpishi.

Kuhusu orodha ya vyakula, kamati yetu iligombana kwa majuma mawili. Mama mkubwa wa bwana arusi alitaka aina kumi na nne za vyakula, kwa sababu katika arusi ya jirani yao zilikuwa kumi na mbili. Ninamheshimu sana mama huyo, na ninaelewa kwamba alikuwa akiilinda heshima ya nyumba yake, lakini kila aina ya chakula inayoongezwa mezani inaongeza sekunde katika foleni na inaongeza sufuria inayopaswa kukaa juu ya makaa. Tulimaliza na aina saba: wali, bugali, viazi vya kukaanga, sombe, maharagwe, mbuzi na samaki. Nilipigania kwa nguvu kuondolewa kwa saladi ya mayonezi, ambayo huku kwetu imekuwa kama sharti la arusi. Saladi hiyo hutengenezwa mchana, hukaa joto la ukumbi hadi usiku, na mayai yake hayana subira. Hata wali, ambao watu wanauona kuwa hauna madhara, ukipikwa adhuhuri na kuachwa upoe polepole hadi jioni unaweza kuwaharisha watu, maana kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa na kuzaana tena humo. Mpishi anayejua kazi yake hukiweka chakula juu ya moto, au hukipika kwa kuchelewa. Hakifuniki kwa kitambaa na kutumaini.

Jambo lililotuchukua muda zaidi lilikuwa samaki. Sisi wa Bukavu karamu bila sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, tunaiona imepungukiwa, na bibi arusi mwenyewe aliziomba. Arusi ilikuwa imepangwa Jumamosi 16 Julai 2022. Yule mama wa Kadutu alitazama kalenda, akatuambia kwamba hawezi kutuahidi sambaza kwa tarehe hiyo, kwa kuwa mwezi ulikuwa unapevuka Jumatano ya juma hilo hilo. Waliokulia kando ya Ziwa Kivu wanalijua jambo hili, lakini katika kamati yetu hakuna aliyekuwa amelifikiria. Wavuvi wa Kivu hutoka usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakining'iniza taa juu ya maji ili mwanga uwavute samaki kuelekea wavu. Mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina nguvu tena, samaki hawakusanyiki, na asubuhi yake kule sokoni Muhanzi beseni ni chache na bei imepanda. Mpishi mwingine angepokea pesa zetu, akanyamaza, kisha Jumamosi angetuonyesha beseni nusu. Kwangu mimi, ukweli huo aliotuambia majuma matano kabla ulikuwa na uzito kuliko vyakula vyote tulivyoonja.

Tulifanya nini basi? Bwana arusi ni mtu wa Uvira, na jamaa yake ilijitolea kuleta ndagala kavu, yaani dagaa, kutoka Ziwa Tanganyika, ambazo hukaa muda mrefu bila kuharibika na hazitegemei mwezi wa juma hilo. Zilipikwa kwa nyanya na vitunguu. Wazee wa Uvira walifurahi kuona chakula chao katika meza ya wakwe, tena mmoja wao alisimama akawakumbusha watu kwamba sambaza za Kivu asili yake ni ndagala zilizochukuliwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo samaki hao walioana kabla ya watoto wetu. Ni kweli, na ukumbi mzima ulipiga makofi.

Sasa niseme juu ya vipimo, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu na hapo ndipo kamati nyingi hupotea. Mkataba wetu wa mwaka 2019 ulisema «mbuzi wa kutosha» na «mchele wa kutosha». Neno «kutosha» halina kilo. Mwaka 2022 tuliandika idadi. Wageni walikuwa 300, nasi tuliongeza watu 40 ambao husahauliwa kila mara: watu wa protokoli, wapiga muziki, wapiga picha, madereva, walinzi wa mlango na wapishi wenyewe, ambao wasipotengewa chakula hujitengea. Kwa watu 340, nyama mbichi yenye mifupa gramu 200 kwa kila mmoja ni kilo 68. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa kilo 11 au 12 hivi baada ya kuchinjwa na kusafishwa, kwa hiyo tuliandika mbuzi sita, na mtu wa kamati alikuwapo walipochinjwa. Mchele, kwa kuwa kulikuwa pia na bugali na viazi, tulihesabu gramu 80 kabla ya kupikwa kwa kila mtu, tukaandika kilo 30. Kuhusu bugali tuliandika saa badala ya kilo: usisongwe kabla maharusi hawajaingia ukumbini, kwa sababu bugali unaosubiri hukauka na kuwa kama tofali, na maharusi wetu wanapokwenda kupiga picha kando ya ziwa hakuna anayejua watarudi saa ngapi.

Malipo tuliyagawa katika sehemu tatu: nusu juma moja kabla, ili mama aende sokoni; sehemu ya pili asubuhi ya arusi, baada ya kuona mizigo; na sehemu ya mwisho, moja ya tano ya jumla, Jumatatu iliyofuata. Bei tuliiandika kwa dola, na tukaandika pia kiwango cha kubadilishia kwa faranga, ambacho wakati ule kilikuwa karibu faranga 2,000 kwa dola moja, ili pasiwe na ugomvi. Dola zilizochanika au zenye madoa tulizibadilisha mapema, maana hapa mjini hakuna anayezipokea.

Vinywaji hatukumpa mpishi. Tulinunua wenyewe, tukahesabu chupa mbili kwa kila mgeni, yaani chupa 600, ambazo kwa bia za makasha ya chupa 12 ni makasha 50, tukapunguza bia na kuongeza sukre, yaani soda, kwa kuwa nusu ya wageni ni watu wa kanisa, na tukamweka mjomba wangu, mtu asiyekunywa, awe na ufunguo wa chumba na daftari la chupa tupu. Mapambo na picha sitavizungumzia sana. Mpambaji chagueni mnayempenda, mradi asiweke maua marefu mahali ambapo foleni itapita, na ukumbi uwe na jenereta iliyojaribiwa siku hiyo hiyo, si ile mnayoambiwa kwamba ipo.

Mshereheshaji, kinyume chake, ni wa kuchaguliwa kwa uangalifu karibu sawa na mpishi, kwa sababu ndiye mwenye saa mkononi. Tulimwomba wetu aweke chakula kabla ya msafara wa zawadi. Alisita, akasema kwamba watu wakishakula huondoka kabla ya kutoa. Nilimjibu kwamba mtu aliyekuja na zawadi yake hataondoka nayo, na kwamba anayetaka kuondoka ataondoka hata akiwa na njaa. Meza za wakwe na za wazee zilipelekewa chakula walipoketi, wa kwanza wakiwa wale wa nyuma; hakuna mzee aliyesimama katika foleni na fimbo yake. Saa mbili na dakika arobaini usiku, yule mama wa Kadutu alinijia kutoka nyuma ya ukumbi akaniambia kwamba meza ya mwisho imekula, na sufuria mbili za wali na moja ya maharagwe zilikuwa bado hazijafunguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo ningeomba kamati zote za Bukavu zilichukue kwetu. Mwaka 2019 binti wa kaka yangu aliondoka katika arusi yake bila kula chochote isipokuwa kipande cha keki alicholishwa mbele ya kamera, na aliniambia hivyo mwezi mmoja baadaye. Safari hii tuliandika katika mkataba sahani mbili za maharusi, zipelekwe katika chumba cha pembeni kabla hawajaingia ukumbini. Walikula wakiwa wamefunika nguo zao kwa vitenge viwili vya mdogo wangu, bila mtu wa kuwatazama isipokuwa mimi niliyesimama mlangoni, na bibi arusi aliomba aongezewe sombe.