Kuvua baharini ukiwa mkazi wa Dodoma: anzia uwanja wa mpira

Uwanja wa mpira wa mtaani kwetu hauna nyasi hata moja, ni vumbi tupu. Jumamosi asubuhi, kabla watoto hawajaja, husimama golini na fimbo ya kuvulia samaki nikirusha nati kuelekea goli la pili. Mzee mmoja anayepitisha ng'ombe wake pale alinivumilia wiki mbili. Ya tatu akashindwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, humu unavua nini?"

"Najifunza tu, babu. Bahari yenyewe iko Dar."

"Na hiyo bahari inajua kama unakuja?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa, maana safari yangu ya kwanza bahari haikuwa na habari nami kabisa. Nilifika Kigamboni saa nne asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu, nikakuta maji yamekupwa mpaka macho yanachoka kuyatafuta. Nikayafuata kwa miguu. Nikavuka kijito cha maji ya kifundoni, nikapanda fungu la mchanga, nikarusha mara tatu. Mara ya nne mshipi ukatoka kwenye rili, ile mashine ndogo ya kuuzungushia, wote kwa pamoja, umejisokota kama kiota cha ndege. Nikakaa chini kuufungua, kichwa kimeinama, sijui saa inakwendaje. Kilichoniinua ni sauti ya mvuvi mmoja: "We kijana wa bara! Maji yanajaa nyuma yako!" Kile kijito cha kifundoni nilikivuka kinanifika kiunoni, simu nimeishika juu ya kichwa. Alijuaje kwamba natoka bara? Nadhani ni vile viatu.

Kwa hiyo ninachokuambia wewe uliyeko Dodoma, Manyoni au Kondoa na unatamani kuvua ufukweni kwa chambo bandia ni hiki: kazi kubwa ifanyie huku huku bara. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kilomita kama 450 za kwenda Dar si balaa tena, lakini bado saa utakazopata ufukweni ni chache, na ni hasara kuzimalizia kwenye mafundo.

Vifaa sitakaa navyo sana, kwa sababu wanaoanza hununua vingi mno. Fimbo nyepesi ya mita 2.1 hadi 2.4, iliyoandikwa kuwa inarusha gramu 5 hadi 20. Chagua inayogawanyika vipande vitatu au vinne, iingie kwenye begi. Fimbo ndefu ndani ya behewa ni ugomvi na kila abiria. Rili ndogo ya namba 2500 au 3000. Mshipi wa kusuka wenye nguvu ya ratili 10 hadi 15, na mbele yake unaunga kama mita moja ya nailoni ya ratili 20, kwa sababu uzi wa kusuka ukigusa mwamba hukatika kama mlenda. Chambo vitano vinatosha: vijiko viwili vya chuma vya gramu 10 hadi 15, samaki wawili wa mpira wenye kichwa cha risasi, na kimoja cha kuelea kinachorusha maji juu. Duka lililoniuzia rili ya kwanza lilinijazia mshipi mpaka ukingoni, nikaona nimependelewa. Kumbe ndicho kilichozaa kile kiota. Acha milimita mbili hivi kati ya mshipi na ukingo wa bobini, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi.

Sasa uwanjani. Tafuta nati ya spana namba 17. Ina gramu kumi na kidogo, yaani uzito wa kijiko chako, na haina ndoana ya kumchoma mtoto wa watu. Iache ining'inie sentimita 40 kutoka ncha ya fimbo. Mshipi ulalie kidole cha shahada, fungua ule waya wa rili unaouzuia mshipi usitoke, peleka fimbo nyuma ya bega, kisha ilete mbele. Usiirushe kwa nguvu za bega kama unayempiga nyoka. Mkono wa juu unasukuma, wa chini unavuta kuja kifuani, fimbo yenyewe inapinda na kufanya kazi. Kidole kikiachia mapema nati inakwenda angani, kikichelewa inapiga vumbi mbele ya miguu yako. Katikati ya makosa hayo mawili kuna mahali ambapo nati inaondoka na mlio wa hewa tu, na siku utakapopagusa utatabasamu peke yako uwanjani kama mwehu.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nati ikikaribia kutua, gusa bobini kidogo kwa kidole ili mshipi usiendelee kumwagika. Funga waya kwa mkono, usingoje ujifunge wenyewe unapozungusha. Vuta mshipi ukazike kwanza, ndipo uanze kuzungusha. Mshipi uliolegea ukiingia kwenye bobini, mrusho unaofuata utautoa kwa mafungu. Nilipozoea hivyo, viota vikaisha. Ukifika mita 30 au 40 bila kutoa jasho umehitimu. Samaki wengi wa ufukweni hawako mbali zaidi ya hapo.

Mafundo nayo yafanyie sebuleni. Uzi wa kusuka unateleza, kwa hiyo fundo lililokutosha kwenye nailoni ya kambale wa Hombolo linaweza kufunguka lenyewe. Zungusha mara nyingi zaidi, lowesha kwa mate, kaza polepole, halafu livute kwa nguvu zako zote. Bora likatikie sebuleni. Mtu ataniuliza, kwa nini usifanye mazoezi Mtera, kuna maji? Kuna na mamba vilevile. Mimi uwanja wa mpira unanitosha.

Turudi kwenye swali la babu. Bahari haijui kama unakuja, ila wewe unaweza kujua yenyewe inakuja lini, na huhitaji kuwa pwani kujua. Angalia mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndiyo siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani ya Dar siku hizo hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele, dakika 50 kwa wastani. Sasa piga hesabu: siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, maji hujaa karibu na magharibi. Maji yanayopanda pamoja na jua linalozama, mvuvi wa ufukweni hana cha ziada cha kuomba. Mimi nakata tiketi kwa kuangalia mwezi nikiwa kibarazani kwangu. Miezi ya kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, upepo humrudishia mtu kijiko usoni; naipenda zaidi kaskazi inapoanza kulegea, mwezi Machi.

Ukishuka Dar, kabla ya kupanda pantoni, pita soko la samaki la Feri uangalie dagaa wa siku hiyo wana urefu gani. Chambo chako kifanane nao. Ufukweni usirushe popote. Tafuta mahali mwamba unapokutana na mchanga, au mkondo unapoingia, au ndege membe wanapojitupa majini. Rusha, hesabu mpaka tatu kijiko kizame, zungusha kwa mwendo wa kutembea, simamisha kidogo, endelea. Kolekole mdogo hagongi, anapora. Fimbo inapinda ghafla na rili inalia, na hapo usikaze breki ya rili kwa woga. Breki iweke mapema, iachie mshipi kabla haujafikia theluthi ya nguvu yake. Mzia naye ana meno. Akikata nailoni yako, hesabu kijiko kimekwenda. Ukiona samaki wa mpira amerudi bila mkia, amekatwa kama kwa mkasi, huyo ni bunju. Simsemi Bunju wa kwenye daladala, ule mtaa wa Dar. Huyu ana sumu, ukimpata mrudishe wala usimjaribu jikoni.

Vaa viatu vyenye soli ngumu, kuna viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu. Kwenye mchanga buruta miguu usimkanyage taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia na uelekee hospitali. Habari za leseni waulize ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kurusha, na Bongoyo na Mbudya ni hifadhi ya bahari, huko usipeleke fimbo.

Samaki wangu wa kwanza hakuzidi kiganja. Nilimrudisha, mikono inatetemeka.

Kuna kosa moja la mwisho, na hili ni letu watu wa Dodoma. Rili ikitoka baharini inaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, breki imekazwa maji yasiingie ndani, kisha inakaushwa kivulini. Nami niliosha vizuri sana, kwa maji ya kisima cha mtaani. Baada ya wiki tatu mkono wa rili haukuzunguka. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, chai yenyewe inakuambia kila asubuhi, na bado sikuliwazia. Siku hizi nina dumu la maji ya mvua chini ya kitanda, na nyumbani wanajua si la kunywa.